Kuwinda kulungu siku ya upepo mkali: nikae nyumbani au niingie msituni?

Mgeni wa Vilimani aliuliza:

Ndugu wawindaji, salaam. Ninaishi magharibi ya jimbo la Wisconsin, Marekani, katika vilima vinavyoteremka kuelekea mto Mississippi, na huu ni mwaka wangu wa pili kuwinda kulungu wa mkia mweupe kwa bunduki. (Ninamwita kulungu kwa kukosa jina jingine, ingawa najua kwamba kwetu wengi humwita kwa jina hilo pongo, ambaye pembe zake hukaa naye maisha yote, ilhali dume wa huku huziangusha pembe zake kila mwaka baada ya majira ya kupandana.) Msimu wa bunduki hapa ni wa siku 9 tu, nao huanza Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba, kwa hiyo mtu wa kazi za zamu kama mimi hana nafasi ya kuchagua hali ya hewa, siku yangu ya mapumziko ikiangukia kwenye upepo, basi huo ndio upepo niliopangiwa.

Mwaka jana niliangukiwa na siku ya namna hiyo. Upepo ulitoka kaskazini-magharibi kwa kasi ya maili 25 kwa saa, yaani kilomita 40 hivi, nami nilikaa juu ya dungu nililofunga kwenye mti kileleni mwa kilima tangu kabla ya alfajiri, mti ukiyumba hata nikahisi kichefuchefu. Saa nne asubuhi nilikata tamaa nikaanza kushuka. Mguu wangu ulikuwa kwenye kipago cha pili cha ngazi niliposikia nyuma yangu mkoromo wa puani, mkali na wa ghafla, kama mtu anayepuliza moto uliokataa kuwaka. Alikuwa jike pamoja na watoto wake wawili waliokwisha kukua, hatua arobaini tu kutoka kwangu, nao wakaondoka mikia juu. Nilipokwenda kutazama nilikuta malalo matatu ya majani yaliyobanwa, chini kidogo ya kilele, upande ule ambao sikuutazama hata mara moja. Walikuwa wamelala pale asubuhi nzima.

Naomba kujua: je, kulungu hutembea upepo ukivuma hivyo? Na kama hutembea, nikae wapi?

Msasi Mkongwe alijibu:

Ndugu yangu, hayo malalo matatu yamekujibu swali lako la pili kabla hujaliuliza, basi nianze na hilo.

Kulungu wa vilimani hupenda kulala kwenye theluthi ya juu ya mteremko, upande uliokingwa na upepo. Akilala hapo, upepo unaovuka kilele humletea harufu ya chochote kilicho nyuma yake, macho yake yanatazama bondeni, na jua likishapasha mteremko joto, hewa ya chini hupanda polepole ikimletea habari za bondeni pia. Jioni mambo hugeuka, kwa sababu hewa ikipoa huwa nzito na kuteremka. Wewe ulikaa kileleni juu yao, na nadhani kilichowafanya wasikukimbie mapema ni kwamba upepo ulikuwa na nguvu kiasi cha kuipitisha harufu yako juu ya vichwa vyao. Ulipoanza kushuka ngazi, ukawapa kitu cha kutazama.

Safari nyingine usikae juu yao, wala usikae chini yao, maana asubuhi hewa inayopanda itakusaliti. Kaa ubavuni, kimo kile kile cha mteremko, mahali ambapo harufu yako itasukumwa kuelekea bonde ambalo hutarajii mnyama kutokea. Ili kuhakikisha hilo, achana na vile vichupa vya poda vinavyouzwa madukani, kwa sababu poda hukuonyesha upepo wa urefu wa mkono wako tu. Pembezoni mwa mashamba ya huku kuna mmea uitwao milkweed, ambao maganda yake hupasuka majira ya vuli na kutoa mbegu zenye nyuzi nyeupe kama sufi. Jaza maganda mawili matatu mfukoni, achia unyuzi mmoja, kisha ufuatilie kwa macho. Utauona ukienda hatua thelathini, ukinyanyuka, ukisita, pengine ukirudi ulikotoka, na hapo ndipo utakapojua harufu yako inakwenda wapi. Marehemu mjomba wangu alikuwa akitikisa kifuko cha majivu kwa kazi hiyo hiyo, lakini sufi hii inayashinda majivu kwa mbali.

Kuhusu kutembea: watafiti wa chuo kikuu cha Penn State waliwavalisha kulungu kola za GPS, zinazoonyesha mnyama yuko wapi kila wakati, huko Pennsylvania, wakaona kwamba mchana wenye upepo haukuwazuia kutembea, bali walitembea hata zaidi kidogo kuliko siku tulivu, ilhali usiku wenye upepo walipunguza mwendo. Wazee wengi wa vijiweni hawapendi kusikia hivyo. Mimi nakubaliana nao kwa nusu tu: mnyama hutembea, lakini hutembea kwa wasiwasi, kwa sababu masikio yake yamejaa kelele na kila tawi mbele yake linacheza. Hukaa karibu na kichaka, husimama mara kwa mara, na huepuka uwanda ulio wazi upande unaopigwa na upepo. Ukimsubiri mahali pa wazi ulipomwona siku tulivu, utasubiri sana.

Faida kubwa ya upepo ni kwa mwindaji anayetembea. Majani makavu ya mwaloni siku isiyo na upepo hulia chini ya kiatu kama kaukau, na hakuna ufundi wa kuyanyamazisha. Siku ya upepo, subiri mvumo uje, piga hatua tatu au nne wakati matawi yanapiga kelele, kisha simama kabla mvumo haujakatika. Unaposimama, tazama kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha. Mita mia moja kwa saa nzima si mwendo wa kuona aibu. Nenda ukiukabili upepo, au ukiuweka ubavuni. Ukiupa mgongo, umemtangulizia mnyama mjumbe.

Nahodha Mstaafu aliongeza:

Naafikiana na Mzee Msasi, ila naomba nitie neno kuhusu huo upande uliokingwa, ambao sisi watu wa jahazi tunauita demani. Aliyewahi kutia nanga demani mwa kisiwa chenye kilima anajua kwamba upepo haukomi pale. Hupanda juu ya kilima, kisha hujiangusha nyuma yake na kujizungusha, hata tanga likapigwa mara huku mara kule. Vilima vya Wisconsin navyo ni vivyo hivyo. Karibu na kilele, upande wa demani, kuna visulisuli vinavyoweza kuirudisha harufu yako juu uliposhukia, na kadiri upepo unavyozidi ndivyo vinavyozidi kuwa na vurugu. Kwa hiyo mwanangu, pindi sufi yako ikizunguka pale pale bila kuondoka, usibishane nayo. Sogea hatua mia moja kuelekea mwisho wa kilima, kisha jaribu tena.

La pili ni hilo dungu. Ukihisi kichefuchefu juu ya mti, mti umekwisha kukuambia ushuke. Misitu ya kwenu ina miti mingi ya ash iliyokufa ikiwa imesimama, baada ya kushambuliwa na mbawakavu wa kijani aliyeingia Marekani kutoka Asia na kugunduliwa Wisconsin mwaka 2008. Mti huo ukishakufa hukauka upesi na kuvunjika bila onyo, na matawi yake hudondoka hata kwa upepo wa kawaida. Mimi binafsi upepo ukipita maili 20 kwa saa sipandi mti wowote, hata kama nimevaa mkanda wa usalama, kwa kuwa mkanda unazuia mtu kuanguka lakini hauzuii tawi kumwangukia. Chagua shina nene lenye uhai, kaa chini, egemea, na kabla ya kukaa inua macho utazame kilicho juu ya kichwa chako.

Mama wa Mahindi alijibu:

Kaka, mimi niko kusini ya jimbo hilo hilo, ambako hakuna vilima vya kujivunia, kwa hiyo demani yetu ni shamba la mahindi ambayo bado hayajavunwa. Upepo ukivuma, kulungu huingia humo na kulala kati ya mistari, na mabua makavu hupiga kelele kiasi kwamba unaweza kumkaribia hatua kumi na tano bila yeye kukusikia. Namna yake ni kuikata mistari kwa kwenda kinyume cha upepo: unapenyeza kichwa kwenye mstari mmoja, unatazama kushoto hadi mwisho, unatazama kulia hadi mwisho, ndipo unavuka kwenda mstari unaofuata. Omba ruhusa ya mwenye shamba, na usikubali kufanya hivyo kukiwa na mwindaji mwingine ndani, hata kama nyote mmevaa rangi ya chungwa inayong'aa kama sheria inavyotaka, kwa kuwa ndani ya mahindi rangi hiyo haionekani hadi mmeshakaribiana mno.

Kuhusu risasi, ambayo wenzangu wameipita: upepo wa ubavuni wa maili 10 kwa saa huisukuma risasi ya kawaida ya .308 (kipimo cha risasi ya bunduki ya kuwindia) kama sentimita 2 kwenye mita 100, sentimita 8 hivi kwenye mita 200, na karibu 20 kwenye mita 300. Upepo wako ulikuwa wa maili 25, basi zidisha mara mbili na nusu. Moyo na mapafu ya kulungu vinachukua nafasi kama ya sahani ya chakula, kwa hiyo kwenye mita 200 umeshatoka kwenye sahani. Siku kama hiyo mimi sipigi kupita mita 100, na sipigi bila kuegemeza bunduki.

Tena ukishapiga, usiondoke haraka. Funga utepe wa kitambaa mahali uliposimama, chagua mti ulio karibu na alipokuwa mnyama, uutazame hadi uukariri. Upepo hugeuza majani, na damu iliyokuwa juu ya jani huwa chini yake baada ya dakika chache.

Mgeni wa Vilimani alirudi kuandika:

Wazee wangu, na dada yangu wa mahindi, nashukuru. Nilipumzika Jumanne, na upepo ulikuwa wa kaskazini-magharibi tena, pungufu kidogo kuliko wa mwaka jana. Niliacha dungu nikakaa chini ya mwaloni, demani ya kilima, baada ya kuhama mara mbili kwa sababu sufi ilikataa kuondoka. Mahali pa tatu ilikwenda moja kwa moja bondeni.

Saa tatu na nusu jike alinyanyuka mahali nilipokuwa nikipatazama tangu mapambazuko bila kumwona, akasimama ubavu, mita 60. Nilisubiri mvumo upite, nikapiga. Utepe niliufunga kama nilivyoelekezwa. Mahali aliposimama sikuona damu hata tone, nikapiga magoti nikaanza kugeuza majani moja moja, na jani la tano au la sita lilikuwa jekundu upande wa chini. Kutoka hapo niliona damu mara mbili tu. Alikuwa ameanguka hatua themanini mbele, kwenye mteremko ule ule, nyuma ya gogo, mahali ambapo hapakuwa na upepo kabisa.

Sasa nimebaki na swali la mwelekeo: je, upepo ukigeuka ukatoka kusini, hawa hawa watahamia upande wa pili wa kilima siku hiyo hiyo, au huchukua siku kadhaa?

Msasi Mkongwe alijibu:

Hongera sana. Siku hiyo hiyo, mara nyingi ndani ya saa chache. Kayatafute malalo ya upande wa pili leo, wakati hawapo.