Mtoto mwenye AS na malaria kali: kinga hii inafika wapi?

Mzazi wa Muheza

Ndugu wanajukwaa, nina watoto wawili wanaolala kitanda kimoja, chini ya chandarua kimoja. Kaka, mwenye miaka 6, amekwisha kulazwa mara mbili kwa malaria kali. Mara ya kwanza alipatwa na degedege, mara ya pili akaongezewa damu. Mdogo wake wa kike, mwenye miaka 4, naye huugua, na kipimo cha haraka huonyesha mistari miwili, lakini akinywa dawa mseto siku ya tatu anacheza uani. Mwezi uliopita walipimwa himoglobini, kaka akaonekana ni AA, yaani hana urithi wa selimundu (sikoseli), na dada ni AS, yaani ameurithi kwa mzazi mmoja tu. Aliyetupa majibu alisema tu, "Huyu wa AS malaria haimwezi," kisha akamwita mgonjwa mwingine. Sasa mama mkwe anashauri chandarua apewe kaka peke yake. Je, ni kweli kwamba mtoto wa AS hana haja nacho?

Mwalimu wa Baiolojia, Kilifi

Ndugu mzazi, aliyekujibu alisema nusu ya kweli. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alitangaza kwamba wenye nakala moja ya jeni (kirithishi) ya selimundu hupata nafuu mbele ya malaria, baada ya kuona kuwa hali hiyo ilizidi asilimia 20 kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, huku nyanda za juu za Kenya, ambako mbu wa malaria walikuwa wachache, ikiwa haifiki hata asilimia 1. Miaka 50 baadaye, watafiti wa hapa kwetu Kilifi waliwafuatilia watoto na kukuta kwamba AS hupunguza malaria ya kawaida kwa takriban nusu, na malaria kali kwa takriban asilimia 90. Tazama pengo lililopo kati ya takwimu hizo mbili: binti yako anaambukizwa na anapata homa, ila njia ya kuelekea kwenye hali mbaya ndiyo iliyozibwa kwa sehemu kubwa.

Inazibwaje? Kimelea kikiingia ndani ya chembe nyekundu hupeleka juu ya ngozi yake protini inayonata, nayo huifanya chembe hiyo ing'ang'anie kuta za mishipa midogo, hata ile ya ubongo. Katika chembe ya AS protini hiyo hujitokeza kwa uhaba na bila mpangilio, kwa hiyo chembe hainati sawasawa. Tena ikifika mahali penye oksijeni haba, kimelea hudumaa. Si hayo tu, kwani kinga dhidi ya malaria ya kawaida ilionekana kukua na umri: ilikuwa asilimia 20 katika miaka miwili ya kwanza ya maisha, ikafika asilimia 56 kwenye miaka 10, kisha ikashuka. Mimi naona hapo ndipo penye uzito, kwa sababu himoglobini ya mtoto haibadiliki kila mwaka. Kinachoongezeka ni mafunzo ambayo mwili unayapata kutokana na maambukizi, na inaelekea AS huuharakisha mwili kujifunza.

Kuna pia kundi la damu liitwalo Dantu, ambalo ni haba sana kwingine lakini linaonekana hapa Kilifi. Ngozi ya chembe zake nyekundu imekaza kama ya ngoma iliyowambwa vizuri, na kimelea, ambacho kwa kawaida hujipenyeza kwa muda usiofika dakika moja, hushindwa kuibonyeza. Aliyelirithi kwa wazazi wote wawili hupungukiwa na hatari ya malaria kali kwa karibu robo tatu.

Muuguzi wa Watoto

Mama, chandarua kisiondolewe kwa yeyote. Nami naongeza jambo ambalo watu hulichanganya kila siku: AS si SS. Mtoto mwenye SS, aliyerithi S kwa wazazi wote wawili, ni mgonjwa wa selimundu, bandama yake huharibika mapema, na malaria ikimpata humpunguzia damu kwa kasi ya kutisha, ndiyo maana kliniki humpa dawa za kuizuia. Nimekwisha kuona mzazi akimwachisha mtoto wa SS dawa hizo kwa kuwa alisikia kwamba "sikoseli inazuia malaria".

Mzazi wa Muheza

Ahsanteni. Kaka yake ni kundi O, na nilisoma kwamba kundi O nalo hukinga. Mbona hakukingwa?

Mwalimu wa Baiolojia, Kilifi

Kundi O husaidia kwa sababu chembe zenye vimelea hushindwa kujikusanyia chembe nyingine mabonge makubwa ya kuziba mishipa, lakini msaada huo ni mdogo kuliko wa AS. Wala jeni za kinga hazijumlishwi kama fedha: hapa Kilifi AS ilikinga, na thalasemia ya alfa, hali nyingine ya kurithi ya himoglobini, ikakinga, ila watoto waliorithi zote mbili walipoteza karibu faida yote. Vimelea navyo vina jeni zao, na baadhi vimeonekana kuwaambukiza wenye AS bila kizuizi kikubwa. Katika hesabu iliyofanywa hapa mwaka 2005, urithi wote kwa jumla ulieleza takriban robo ya tofauti za watoto katika kulazwa kwa malaria, na AS peke yake asilimia 2 tu. Kwa hiyo usimhesabu kijana kuwa ana kasoro. Watoto wengi wa AA huugua malaria bila kufikia hali kali.

Muuguzi wa Watoto

Kwa kuwa dada ni AS, mmoja wenu wazazi, kwa uchache, naye anabeba jeni ya S. Baba na mama mpimwe wote kabla ya mimba nyingine, kwani mkiwa wote AS, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kumzaa mtoto mwenye SS. Na kaka akipata homa, apimwe siku hiyohiyo.

Mzazi wa Muheza

Nimemsomea mama mkwe majibu haya, naye amekubali. Tumenunua chandarua cha pili, kila mmoja atakuwa na chake, na baba yao tutakwenda naye kupima Jumatatu.