Mjadala: Je, Uingereza imlipe daktari wa familia kwa kumjua mgonjwa wake?

MTOA MADA
Wadau mlioko Uingereza mnaijua hali: saa mbili kamili asubuhi unapiga simu kliniki, unawekwa kwenye foleni, na ukibahatika unapewa daktari ambaye hujawahi kumwona. Wengi wanamlaumu daktari. Mimi naulaumu mkataba.

Kule madaktari wa familia wengi wanaomiliki kliniki si waajiriwa wa serikali. Tangu NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ianze mwaka 1948 wanajitegemea, na serikali hununua huduma zao kwa mkataba. Kinacholipiwa ndicho kinachopewa muda. Mkataba wa 2004 uliwaruhusu kuachana na zamu za usiku na wikendi, ukamwandikisha mgonjwa kwa kliniki badala ya daktari mmoja, kisha ukaweka alama 1,050 za utendaji: wenye presha wamepimwa? Wenye kisukari, sukari imedhibitiwa? Kila alama ina pesa yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta huduma ya pumu na kisukari iliboreka kwa kasi mwanzoni, halafu kasi ikapungua. Lakini uwezekano wa mgonjwa kumpata daktari wake aliyemzoea ulishuka mara tu mkataba ulipoanza, na haukupanda tena. Kwangu hiyo ni hasara kubwa, hasa kwa mzee mwenye maradhi manne kwa mpigo.

MCHANGIAJI 1
Mkuu, kwenye alama nakupinga. Mimi ni muuguzi wa kliniki. Mgonjwa wa kisukari akipotea, orodha tunayotunza kwa ajili ya alama inamtaja, nami namtafuta hadi aje kupimwa macho na miguu. Baadhi ya alama zilipoondolewa mwaka 2014, vipimo vinavyorekodiwa vilipungua papo hapo. Tukizifuta zote, nani atamkumbuka huyo asiyekuja?

MCHANGIAJI 2
Ninyi nyote mmewasahau maskini. Julian Tudor Hart, daktari wa familia kwenye kijiji cha wachimba makaa huko Wales, aliandika mwaka 1971 kwamba huduma bora hupungua pale inapohitajika zaidi. Mkataba hulipa kwa kichwa, yaani kwa kila mgonjwa aliyeandikishwa, na kanuni ya kugawa pesa huongeza kwa umri na maradhi, ila umaskini wenyewe haiupimi ipasavyo. Daktari wa mtaa duni mjini Glasgow anahudumia watu wanaougua mapema, wenye msongo na madeni, kwa dakika zilezile kumi.

MTOA MADA
Dada muuguzi, hoja yako naikubali: alama za magonjwa sugu zibaki, ila zipunguzwe. Scotland iliufuta mfumo huo wa alama mwaka 2016. Nadhani ilikwenda mbali mno. Na wa pili, umaskini uingizwe kwenye kanuni, hapo sina ubishi.

Ila hoja ya daktari wa kudumu siiachi. Norway tangu 2001 kila mkazi ana haki ya kuwa kwenye orodha ya daktari anayejulikana kwa jina. Watafiti wa huko waligundua kuwa waliokaa na daktari mmoja zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mdogo wa kufariki, kwa karibu robo, kuliko waliokaa naye mwaka mmoja. Uhusiano huo hauthibitishi chanzo peke yake, lakini hakuna dawa yenye takwimu kama hizo ambayo serikali ingeacha kuinunua. Basi mkataba ujao umlipe daktari kwa kila mgonjwa sugu anayemwona mwenyewe mwaka hadi mwaka. Anayepinga atuambie pesa hizo zina kazi gani bora zaidi.