Mikwaruzo kwenye boti ya faiba: polishi, jelikoti, epoksi au puti ya magari?

Bamvua_Kizimkazi
Asalaam aleikum wanabahari. Nina boti ya faiba, futi 24, nyeupe, napeleka wageni kuangalia pomboo. Masika haya nimeipandisha pwani, nikaiosha vizuri, na sasa naona aibu. Ubavu wa kushoto umejaa vimistari vya ngazi ya wageni, utadhani paka kaparura. Omo, yaani mbele ya boti, kuna mkwaruzo mmoja wa shibiri hivi, nanga ilibembea ikapiga. Na kule chini karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti, siku ya bamvua maji yalikupwa yakatuacha juu ya matumbawe. Hapo nikitazama naona kama nyuzinyuzi.

Kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja kasema polishi inatosha. Wa pili kasema nijaze jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa juu ya faiba. Wa tatu epoksi, ile gundi ya kuchanganya vitu viwili. Wa nne puti ya magari na rangi ya kopo la kupuliza, eti siku moja kazi imekwisha. Aliyewahi kufanya aniambie kipi kilidumu. Fundi mmoja wa huku kanipigia hesabu ya kupaka boti nzima, nikamwambia nitarudi. Sijarudi.

FundiFaiba_Mtwapa
Waaleikum salaam nahodha. Hapo una maradhi matatu, usitafute dawa moja. Kabla hujanunua chochote pitisha ukucha kwa kukata mkwaruzo. Ukucha ukipita bila kukwama, hiyo ni kazi ya polishi. Ukikwama lakini ndani bado ni kweupe, msasa wa maji kwanza, polishi baadaye. Ukiwa na kina sana, ujaze. Ukiona nyuzi, jelikoti imekwisha hapo, na polishi hata ukipaka debe haitasaidia.

Jelikoti yenyewe ni nyembamba, nusu milimita tu au zaidi kidogo. Ndiyo maana nawaogopa watu wenye mashine. Mtu anashika msasa wa 220 kufuta kimstari, akija kushtuka anaona kijani cha faiba.

Dau_la_Mnyonge
Mimi vile vimistari nilivitoa kwa dawa ya meno na kitambaa. Msicheke.

FundiFaiba_Mtwapa
Sicheki. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, kwa mstari mmoja karibu na usukani inafaa. Kwa ubavu wa futi 24 utanunua katoni.

Kusi_na_Kaskazi
Bamvua, kwa ule ubavu wa kushoto mimi nilifanya hivi kwenye boti yangu ya uvuvi na sijajuta. Osha kwa sabuni, suuza chumvi yote, futa nta ya zamani kwa asetoni. Chukua penseli, chorachora juu ya eneo lote. Halafu msasa wa maji namba 1000, umeuzungushia kibao kidogo, ndoo ya maji pembeni na matone mawili ya sabuni ya vyombo. Sugua kwa mkono. Penseli ikifutika kila mahali ikabaki ndani ya mkwaruzo tu, ujue bado hujafika chini yake. Ikifutika na humo, simama hapo hapo. Kisha 1500, kisha 2000, ndipo kompaundi, ile dawa nzito ya kung'arishia, na nta. Ukimaliza msasa pataonekana pamefifia kama kioo chenye mvuke, usiogope, kompaundi inarudisha mng'ao.

Penseli ndiyo siri. Bila penseli unasugua kwa imani.

Mkaa_Gati
Mnampa kazi ya wiki nzima. Puti ya gari, rangi ya kupuliza, kesho yuko majini. Mimi nimefanya.

FundiFaiba_Mtwapa
Umefanya, na ikakaa muda gani?

Mkaa_Gati
Juu ya maji, misimu miwili na bado ipo. Chini ya maji… haya, ilivimba ikabanduka.

FundiFaiba_Mtwapa
Basi umejijibu. Puti ya kawaida ya magari ina unga wa talki, inanyonya maji. Na rangi ya kopo juu ya jelikoti bila kuikwaruza kwanza ni ngozi ya kitunguu, inatoka vipande vipande.

Mswahili_wa_Muscat
Niongeze kuhusu jelikoti, maana huku joto limenifunza kwa gharama. Ile ya kujazia inachanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, ile MEKP, kati ya asilimia 1 na 2. Kwenye joto kaa karibu na 1.5. Usishuke chini ya 1 ukidhani unajipa muda wa kufanya kazi, kwa sababu haitakauka sawasawa, itabaki laini milele. Ukitaka muda, fanya kazi alfajiri na uweke kivuli. Kwa gramu 20 za jelikoti, hadina ni kama 0.3 ml, kwa hiyo nunua bomba la sindano la 1 ml duka la dawa. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa ndiko kunaharibu kazi.

Na jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: jelikoti ya kawaida haikauki juu ikiguswa na hewa. Inabaki inanatanata. Mimi mara ya kwanza nilisubiri siku mbili, nikamlaani muuzaji bure. Ama uweke ile dawa yake ya nta, ama uifunike isipate hewa. Mimi nakata plastiki ya chupa ya maji ya kunywa, nainyoosha juu ya kiraka, nazungushia tepu. Ukibandua panatoka laini kama kigae.

Kingine, usichanganyie kwenye kile kikombe cheupe cha kahawa, chepesi kama povu. Jelikoti inakiyeyusha. Kitako kilinidondokea juu ya kiatu.

Dau_la_Mnyonge
Hahaha. Kiatu kilikauka vizuri lakini?

Mswahili_wa_Muscat
Kiatu kilikauka kuliko boti.

Kaskazi_Dar
Mimi nitasimama na epoksi. Inashika faiba kuliko jelikoti na haipitishi maji kirahisi. Kule kwenye nyuzi ndiko hasa pa epoksi.

FundiFaiba_Mtwapa
Kwa chini nakubaliana nawe kabisa. Tatizo linakuja mtu akijaza epoksi halafu anataka jelikoti juu yake apate weupe ule ule. Epoksi hushika vizuri juu ya jelikoti, lakini jelikoti juu ya epoksi mara nyingi haikauki au haishiki. Wapo walioosha, wakasugua, wakangoja, ikakubali. Mimi kazi ya mteja siiwekei bahati nasibu. Na epoksi ikiachwa wazi juani inageuka njano na kuoza, kwa hiyo ni lazima ipakwe rangi.

Nahodha, mgawanyo wangu ni huu. Ubavu, msasa na polishi. Omo, jelikoti, kwa sababu panaonekana na wageni wanapiga picha hapo. Chini kwenye mkuku, epoksi na rangi ya chini ya maji, nani atapaona, samaki changu?

Kwa omo, chukua ncha ya tindo uupanue mkwaruzo kidogo uwe kama mfereji wenye mdomo. Mkwaruzo mwembamba haushiki kitu. Jaza uzidi kidogo juu, maana ikikauka inanywea. Kisha msasa 400, 600, uendelee kama alivyosema Kusi. Rangi ijaribu kwanza: nyeupe ya dukani si nyeupe ya boti iliyopigwa jua miaka. Tone la njano au kahawia, paka kidogo pembeni, acha ikauke ndipo ulinganishe. Ikiwa mbichi inakudanganya.

Na vaa miwani ya kinga unaposhika hadina. Tone moja likiingia jichoni linaweza kukutoa kwenye bahari moja kwa moja.

Mzee_wa_Jahazi
Sisi enzi zetu ubavu ulikuwa sifa, yale mafuta ya papa, na chini deheni, shahamu na chokaa. Harufu mpaka mtaa wa pili, lakini hakuna aliyeuliza namba ya msasa.

Kusi_na_Kaskazi
Na kila bamvua mnapaka upya, mzee.

Mzee_wa_Jahazi
Ndiyo. Na tulikuwa na watu wa kupaka.

Bamvua_Kizimkazi
Nimerudi na habari. Ubavu umekwisha, siku mbili, mkono mmoja umekufa ganzi. Penseli nimeiamini. Vimistari viwili nimeviacha makusudi, vilikuwa vinazidi kwenda chini.

Omo nimejaza mara mbili. Mara ya kwanza nilibandua plastiki mapema, ikatoka na nusu ya kiraka. Mara ya pili nimeiacha hadi kesho yake. Asubuhi huoni kitu. Jua la saa kumi likipiga kwa ubavu unaona kipande cheupe kuliko wenzake. Nilitia tone moja la njano, naona lilitaka mawili.

Kule chini nimekwangua kilicholegea, nikasuuza chumvi kwa maji ya kisima. Bado sijajaza. Usiku nilibandika kipande cha nailoni na tepu pande zote, asubuhi nikakuta jasho kwa ndani. Faiba imekunywa maji. Nimeweka kivuli juu yake mvua isiipate na nitapima tena Ijumaa. Fundi, kabla ya epoksi msasa gani, 80 au 120?

FundiFaiba_Mtwapa
80. Jasho likiwepo Ijumaa, usijaze Ijumaa. Miwani umenunua?

Bamvua_Kizimkazi
Nimeazima ya mchomelea geti.