Picasso aliiba vinyago vyetu au aliiga tu kama wachoraji wote wanavyoigana?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Juzi kwenye kundi letu la wasapu jamaa katupia picha mbili, kushoto kinyago, kulia mwanamke aliyechorwa na Picasso, yule mchoraji Mhispania aliyeishi Paris, pua imepinda kama konokono, chini kaandika MWIZI WA KARNE. Nikabisha, nikaambiwa natetea mzungu. Kule ni povu tu, naleta huku.

Mi nasema hivi, kuiga mtindo sio wizi, na kama ni wizi basi wachoraji wa Ulaya wote tuwapeleke segerea maana hakuna aliyepona. Manet 1863 kachora Olympia, mwanamke kalala uchi kitandani anakukazia macho kama anakudai, sasa chukua Venus wa Urbino wa Titian wa 1538 weka pembeni, mlalo uleule, mkono umewekwa palepale, tofauti yake miguuni kwa Titian kalala mbwa na kwa Manet kuna paka mweusi kasimama. Van Gogh naye 1887 akachukua picha ya Hiroshige ya daraja na mvua akainakili kwa rangi za mafuta, na herufi za Kijapani akazizungushia pembeni wakati hata kuzisoma hajui 😂. Hakuna anayesema Van Gogh mwizi, wanasema "athari za Japani".

Haya tuje kwa Picasso. 1906 mchoraji mwenzake Matisse alinunua kwenye duka moja la Paris kisanamu cha Wavili, watu wa pwani ya Kongo, akapitia nacho kwa Gertrude Stein, mwandishi Mmarekani aliyekuwa anakusanya picha, Picasso alikuwepo akakiona. Mwaka uliofuata akaingia jumba la makumbusho la Trocadéro hapohapo Paris, lililokuwa limejaa vitu vya Afrika na visiwa vya mbali huko, na mwaka huohuo 1907 akamaliza Les Demoiselles d'Avignon, turubai la karibu mita mbili na nusu kila upande, wanawake watano wa danguro la Barcelona (Avignon ni mtaa, sio ule mji wa Ufaransa). Rafiki zake walishtuka, mchoraji Braque alisema ni kama mtu anakunywesha mafuta ya taa.

Ila angalieni vizuri ile picha. Ni wale wawili wa kulia ndio wana sura za vinyago, wawili wa katikati macho na masikio yao ni ya sanamu za kale za Hispania kwao kwake, miili iliyokatwakatwa ile ni ya mchoraji Mfaransa Cézanne, na wengi wanaona El Greco, mchoraji wa zamani wa Hispania, yumo pia. Sasa mbona tunamshika kwa sura mbili tu?

Mchonga Mpingo

Kaka umeandika vizuri ila kuna mahali umepita mbio mbio. Hebu rudi usome ulichoandika. Titian. Hiroshige. Cézanne. El Greco. Alafu "kisanamu cha Wavili". Huyo aliyekichonga anaitwa nani?

Mi nachonga vinyago mwaka wa kumi na tisa sasa na nimefundishwa na mjomba, sura ya kinyago haitokei tu kwenye mti kama uyoga, kuna mtu kakaa akaamua jicho liwe mstari, paji la uso litokeze, mdomo uwe mdogo, huo ndo uamuzi ambao Picasso aliushangaa hadi akabadilisha uchoraji wake wote. Kwa Hiroshige mnampa jina lake, kwa huyu mnatoa jina la kabila basi, utadhani kabila zima lilikaa kikao likashika patasi moja. Ndo maana maonyesho makubwa ya MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa New York, 1984 yalipigwa madongo sana, waliweka vinyago na kazi za kina Picasso pembeni kwa pembeni, upande mmoja jina la msanii na mwaka, upande wa pili kabila na nchi.

Mi kuiga sina shida nako. Mzee Tingatinga kaanza kuchora 1968 kwenye vibao kwa rangi ya baiskeli, kafariki 1972, leo wanaochora kwa mtindo wake hawahesabiki na hatuwaiti wezi. Lakini mtindo unaitwa tingatinga! Jina lake limo, hata anayemwiga analitaja bila kutaka.

Kibao Kata

Nyie mnaozunguka na maneno makubwa, kinyago kilitoka Afrika na pesa zikabaki Paris. Hayo mengine ni mashairi.

Mama Wawili

Jamani mmesahau utamu wenyewe. Mnabishana kama aliiba mtindo wakati vitu vya kuibwa kweli alikuwa navyo nyumbani! Hizo sanamu za kale za Hispania alizotaja mleta mada, Picasso alikuwa na vichwa viwili vya mawe, 1907 huohuo, kauziwa na jamaa aliyekuwa katibu wa rafiki yake mshairi Apollinaire, na jamaa alivitoa makumbusho ya Louvre, kavibeba tu akatoka navyo. Vikakaa kwa Picasso miaka minne kimya. Agosti 1911 Mona Lisa ikaibwa, polisi wamewaka, kina Picasso jasho likawatoka wakafikiria kwenda kuvitupa mtoni usiku, wakashindwa, wakaishia kuvisalimisha kwenye ofisi za gazeti. Apollinaire akalala ndani siku kadhaa na Picasso akahojiwa.

Sasa mi najiuliza, vichwa viwili vya Louvre viliwaletea polisi na hakimu. Vinyago vilivyojaa Trocadéro vilifikaje pale, nani alihojiwa?

Mleta mada

Mama Wawili umenipiga pabaya, ila nakushukuru, nadhani hapo ndo penyewe. Nilichokuwa nakataa ni kuchanganya mambo mawili. Kuona kinyago ukachora sura inayofanana nacho ni jambo moja, kukibeba kinyago kukitoa kwao ni jambo lingine, na la pili ndo lina mwenye kuibiwa. Hazina za jumba la kifalme la Abomey, kwenye nchi ambayo leo ni Benin, zilichukuliwa na jeshi la Ufaransa 1892, baadhi zikapelekwa hapohapo Trocadéro, yaani Picasso kaingia 1907 vitu vyenyewe tayari ni mali ya jumba lile. Ufaransa imewarudishia Benin vitu 26 tu, Novemba 2021. Na sisi tunayo ya kwetu, kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa Dar 1984, kikaja kuonekana Geneva, kimerudi 2010, miaka 26 jamani.

Ila kwa Mchonga Mpingo naomba nibishe kidogo. Kulikuwa na mtaalamu wa hiyohiyo MoMA, William Rubin, aliandika kwamba vile vinyago vinavyofanana zaidi na zile sura mbili, Picasso hakuweza kuwa ameviona Paris mwaka 1907. Kwahiyo hata tukitaka kuandika jina la mchongaji, tutamwandika yupi? Na Picasso mwenyewe, kwa alivyosimulia mwandishi Mfaransa Malraux, alisema kilichomshika pale Trocadéro hakikuwa maumbo, kilikuwa ile kazi ya vinyago, kukinga watu na mapepo, ndo akaiita ile Demoiselles picha yake ya kwanza ya kupunga pepo. Japo nakubali, huyohuyo akiulizwa na waandishi aliwahi kujibu sanaa ya weusi haijui kabisa. Hapo alikuwa muongo, sina cha kumtetea.

Mchonga Mpingo

Haya ya pepo nakuachia, maana kwetu mapiko, vile vinyago vya kuvaa vya Kimakonde, yanachezwa jandoni na anayeyavaa ndo anajua kilichomo, mzungu kasimama mbele ya kabati akanusa vumbi akajua kupunga.

Kuhusu jina lipi liandikwe. Mwaka juzi nilianza kuchonga jina langu chini ya kila kazi, herufi ndogo tu kwenye kitako. Akaja mteja, mtu mzima, anakusanya vinyago miaka mingi na anajua mpingo wa kweli na wa kiwi. Kapenda kimoja, bei tumeelewana, akakigeuza, kaona jina, akaniomba nilisugue litoke, anasema likiwepo kinaonekana kipya, hakionekani cha asili.

Nilisugua bwana. Ada ya shule ilikuwa imefika.