Taa ya mwani kwenye tangi la chini: fladi ya uani au ile ya zambarau?

kitatange_mlindi

Salaam aleikum wandugu. Niko Malindi, Shella yetu hii, si ile ya Lamu. Sebuleni nina tangi la maji chumvi la lita 250, na chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi dogo la kioo la sentimita 60 kwa 30. Nusu ya hilo dogo nimeigeuza refujiamu, yaani kitalu cha mwani wa kusafisha maji: mwani, mawe, na vile vidudu vya kuliwa na samaki. Nitreti, ule uchafu wa samaki unaoliwa na mwani, imekwama miligramu 40 kwa lita. Ningebadilisha maji, lakini mto Sabaki umeshuka na matope yake na ufuoni maji ni rangi ya chai ya maziwa. Kwa hivyo mwani ndio tegemeo.

Shida ni taa. Nilianza na utepe wa LED wa volti 12, nikaubandika chini ya ubao wa kabati. Wiki ya tatu nusu ilikuwa imezima na penye shaba pameota kutu ya kijani. Mwani nao umegeuka manjano kama jani la mpapai lililozeeka.

Sasa nina elfu mbili, basi. Dukani nimeona fladi nyeupe ya wati 20, ile watu wanayoifunga ukutani kumulika uani. Mtandaoni kuna ya zambarau ya mimea, bei mara mbili. Nichukue ipi? Na naiungaje? Ile fladi inakuja na nyaya tatu zinaning'inia, plagi haina.

pweza_mwekundu

Zambarau. Mmea unakula zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, karibu na nanomita 660 na 450. Ukinunua nyeupe unalipia mwanga ambao mwani hauutaki sana.

fundi_wa_mkomani

Waaleikum salaam mwanangu. Pweza hajakosea, ila LED nyeupe ndani yake ni LED ya buluu iliyofunikwa unga wa manjano. Buluu imo tele, na wekundu upo wa kutosha. Mwani wangu wa Chaetomorpha, ule wa nyuzi unaofanana na sugulio la sufuria, umekaa chini ya fladi nyeupe ya 6500K (weupe kama wa mchana) na kila wiki mbili natoa konzi nzima. Chukua nyeupe. Pesa inayobaki usiipeleke kwenye rangi, ipeleke kwenye waya.

Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Fladi yangu ya kwanza niliiunga nyaya mbili tu, laivu na nyutro, ule wa athi, wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, nikaukata nikaukunja pembeni. Nilifanya haraka, nilikuwa naenda arusini. Baada ya miezi miwili nikatia mkono majini kupanga mawe, kidole kina mchubuko, nikahisi kama nimeng'atwa na siafu. Nikadhani ni mnyoo wa baharini! Nikatia tena. Mara ya tatu kiwiko kikagusa mgongo wa taa, nikarushwa hadi kwenye kiti cha bibi. Chumvi ilikuwa imeingia ndani ya taa, ule mwili wa aluminiamu wote una umeme, na mimi miguu mitupu juu ya sakafu. Mimi, fundi.

Kwa hivyo: wa kahawia ni laivu, wa buluu ni nyutro, wa kijani chenye mstari wa manjano ni athi na hauachwi. Ukikuta rangi nyingine usikisie, mwite fundi aupime. Halafu fungua soketi yako (umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kubwa) uone kama athi ipo kweli. Hizi nyumba zetu za zamani nimefungua soketi nyingi zenye tundu la tatu na nyuma yake hamna kitu. Na tangi lote, pampu na taa, lipite kwenye swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30. Ningekuwa nayo ile, bibi angekunywa chai yake kwa amani.

Kiungo usikisokote ukakifunga tepu nyeusi. Hewa ya Malindi na ya huku kwetu Amu (Lamu) ni moja, tepu inaachia gundi na chumvi inaingia. Tumia konekta ndani ya kiboksi kisichopitisha maji, nje ya kabati. Ndani ya plagi toa fyuzi ya ampia 13, tia ya 3. Waya uushushe chini ya soketi kwanza ndipo upande kuingia, ili tone likitembea juu ya waya lidondoke sakafuni na sio ndani ya soketi. Ile shaba iliyoota kijani usiiache iangukie majini: samaki wanaweza kuvumilia kidogo, lakini kamba na konokono watakufa.

Taa itundike sentimita 15 hadi 20 juu ya maji, kwa mshipi mnene wa kuvulia, pande mbili, moja ikikatika nyingine ishike. Katikati weka kioo. Upande wa pampu zuia mwanga kwa ubao mweusi, la sivyo mwani utaota ndani ya pampu.

kitatange_mlindi

Shikamoo fundi, na pole kwa kiti cha bibi. Niwashe saa ngapi?

fundi_wa_mkomani

Marahaba. Usiku, taa za juu zikizimwa. Gizani viumbe vyote vinatoa hewa chafu na pH inashuka, yaani maji yanaelekea kwenye uchachu. Mwani wenye mwanga unaila ile hewa. Anza saa 14. Wati 20 kwa saa 14 ni uniti 0.28, kwa mwezi kama uniti 8 na nusu za tokeni. Taima ya meno nayo ikikatikiwa umeme inasimama, kisha inaendelea pale ilipoachia. Yangu wiki moja ilichelewa hadi taa ikawaka adhuhuri. Tafuta yenye betri.

Na hizo wati 20 usiziamini. Zima kila kitu nyumbani, washa taa peke yake, tazama kitaa chekundu cha mita. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani kitaa kinamweka mara 1000 kwa uniti moja, taa ya kweli ya wati 20 itakifanya kimweke mara moja kila dakika tatu.

mama_wa_gede

Mwani mwingine usichume hifadhini. Hifadhi ya bahari ya Malindi inalindwa tangu 1968, hata kombe huokoti. Na ukipewa Caulerpa, ule wa vishada kama zabibu mbichi, kuwa macho. Unaweza kumwaga mbegu zake zote kwa mkupuo, maji yakawa meupe na samaki wakakosa pumzi. Nilipoteza kitatange wawili asubuhi moja.

kitatange_mlindi

Nimerudi. Nimenunua fladi, nikazima nyumba nzima hadi friji, mama akanisomea risala. Nimekaa na saa mbele ya mita: dakika saba, ndipo ikamweka.

fundi_wa_mkomani

Wati nane na nusu hizo. Irudishe.

kitatange_mlindi

Mwenye duka amecheka, kisha akanibadilishia. Ya pili ni dakika tatu na nusu. Athi nimeikuta ipo, swichi ya miliampia 30 ataifunga jirani Jumamosi, na hadi hapo taa naitazama tu ikiwa ndani ya boksi.