Naomba ushauri: Rubber Soul ipi ndiyo ya kupigiwa kura?

Ndugu wanachama, natumai hamjambo.

Marehemu ami yangu, aliyekuwa baharia, aliniachia santuri ya Rubber Soul ya Beatles, ambayo sasa imezua mabishano makali barazani kwetu hapa Mji wa Kale, ambako tumekubaliana kila mmoja ateue wimbo anaoupenda zaidi. Mwenzangu ameteua "Nowhere Man", lakini katika santuri yangu wimbo huo haumo kabisa. Upande wa kwanza unafunguliwa na "I've Just Seen a Face", si "Drive My Car".

Nimehesabu nyimbo nikapata 12, nami najua kwamba toleo la Uingereza la Desemba 1965 lina 14, kwa hiyo naamini hili ni la Marekani. Tena "I'm Looking Through You" inaanza gitaa, inakatika, inaanza, inakatika tena, ndipo inaendelea. Nilidhani sindano inaruka, nikaifuta santuri kwa kitambaa laini mara tatu, lakini mkatiko haukuondoka. (Nimeanza kuupenda, nakiri.)

Karatasi ya katikati imeliwa na unyevu wa pwani, haisomeki.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Je, mkatiko huo ulirekodiwa hivyo katika toleo la Marekani, au santuri yangu ina kasoro? Na katika kura yetu, ni haki kukubali wimbo uliomo katika toleo moja tu?