Nyumba ya kuba Wete: tujenge au tuache?

Mwenye kiwanja, Wete

Asalaam alaykum jamani. Nna jambo nalileta kwenu, na naomba hoja, maana vicheko nimeshavipata vya kutosha hapa nyumbani.

Tuna kiwanja alichotuachia marehemu baba, juu ya kilima, bahari unaiona. Kaka yangu yuko Maskati na ndiye mwenye pesa. Hataki tena kusikia habari ya matofali na bati. Anataka kuba la zege, nyumba nzima mviringo, haina paa wala kona. Ameona namna Wamarekani wanavyofanya: wanafunga turubai kubwa juu ya msingi wa duara, wanalijaza upepo mpaka linasimama kama puto, kisha kwa ndani wanapuliza povu gumu, wanasuka nondo, wanarushia zege. La mwanzo la namna hiyo lilijengwa Shelley, jimbo la Idaho, mwaka 1976. Hoja zake ni kuwa bati la kwetu linaliwa na chumvi, mbao zinaliwa na mchwa, na upepo ukija paa linaondoka. Kuba, anasema, halina cha kuondoka.

Kwa upande mmoja namuunga mkono. Mabati ya nyumba ya mama yamebadilishwa mara mbili mimi nikiwa na akili zangu. Lakini kuna kitu moyoni hakijakaa sawa, na sijakijua ni kipi. Mnaonaje?

Fundi wa Chake

Wa alaykum salaam. Nianze na hesabu, ndiyo kazi yangu.

Chukua kuba la mita 8 ukuta kwa ukuta, umbo la kifuu kilichofudikizwa. Sakafu yake ni mita za mraba 50. Ganda la nje ni mara mbili ya sakafu, yaani 100. Likiwa na unene wa sentimita 10, ni zege mita za ujazo 10, ambayo kwa mchanganyiko wa maana ni mifuko 70 ya saruji, ile ya kilo 50. Msingi na sakafu sijavitia. Sasa chukua nyumba ya mraba ya ukubwa huo huo: kuta zake kuzunguka ni mita 28 na kitu, uzipandishe mita 3, tayari una mita za mraba 85 za ukuta na paa hujaligusa. Kwa hiyo kaka yako si mjinga. Kuba linakula vitu vichache.

Ila ile nafasi nayo inataka kuangaliwa. Ukuta wa kuba unaanza kuinama chini kabisa. Mtu wa mita 1.8 hasimami wima karibu nao, lazima ajivute ndani karibu nusu mita. Zile mita 50 zinabaki 40 za kusimama, na kumi zilizobaki ni za viatu na kuku. Unaweza kulipandisha kuba juu ya ukuta ulionyooka wa mita moja, na wengi hufanya hivyo, lakini hapo ule unafuu unaanza kuliwa.

Halafu vifaa. Turubai lile hushonwa kwa kipimo, feni yake haitakiwi kuzimika mpaka ganda lishike, na zege hurushwa kwa pampu. Pemba mimi sijamuona mwenye pampu hiyo. Umeme ukikatika usiku na jenereta likagoma, asubuhi utalikuta turubai limelala kama pweza. Ipo njia ya kimaskini: unajaza kifusi cha udongo umbo la kuba, unasuka nondo juu yake, unamwaga zege, likikomaa unauchimbua udongo wote kupitia mlangoni. Inawezekana. Ni majembe na migongo ya vijana.

Kijana wa Konde

Fundi, hao hao vijana ndio sisi, na kazi tunaitaka. Kila kipya kikija Pemba kinaulizwa masuala hamsini, lakini bati lenye kutu haliulizwi hata moja. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba tukasalimika, ndiyo maana karafuu leo ni yetu. Mei 2024 Hidaya ikapita karibu na Mafia, tukasalimika tena. Mara ya tatu nani katuahidi? Upepo hauna pa kulishika kuba. Jengeni, yakhe.

Mkaazi wa Kidichi, Unguja

Mnazungumza kama kuba limeshuka na ndege juzi. Hamamu ya hapa kwetu Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, Schesade, mwaka 1850, na makuba yake yapo, njooni muyaone. Hamamni kule Mji Mkongwe, ya zama za Barghash, ni hivyo hivyo. Beit al-Ajaib, jumba la 1883 la kujivunia, upande mmoja uliporomoka Disemba 2020. Najua kulinganisha jumba la ghorofa na chumba cha kuogea si haki, lakini nyinyi mnaosema kuba ni jambo la Marekani mumeanza nyinyi.

Kitu kimoja tu. Huku watu wakiona kuba peke yake shambani wanadhani ni ziara, kaburi la walii. Kaka asije akakuta watu wanamsomea Fatiha mlangoni.

Fundi wa Chake

Nimecheka. Lakini Kidichi imedumu kwa sababu ambayo kaka yetu wa Maskati hataipenda: haina nondo. Ni mawe na chokaa, kuta nene, na chumvi haina cha kula.

Nieleze. Kuba juu linajikaza lenyewe, kila kipande kinamsukuma mwenzake. Ukishuka chini, kwenye pembe ya nyuzi kama 52 kutoka kileleni, mambo yanageuka, linataka kupanuka, kama mtu aliyesimama kwenye tope miguu ikaanza kumwendea huku na huku. Wazee walilizuia kwa unene wa ukuta. Sisi wa ganda la sentimita 10 tunalizuia kwa nondo, tena kwa mkanda mzito pale chini. Nondo hizo zikianza kutu zinavimba, zege linapasuka, maji yanaingia, kutu inazidi. Nyumba ya bati ikioza paa unabadilisha paa. Kuba likioza nondo unabadilisha nini?

Kwa hiyo masharti: nondo zikae katikati ya ganda zifunikwe vizuri pande zote mbili, na mchanga usiwe wa pwani hata kiroba kimoja. Hapo ndipo watu wanapodanganyana. Mchanga mzuri umekuwa adimu na ghali, na mtu akiona upo bure ufukweni, usiku unahama.

Bi, zamani Michenzani

Mimi si fundi, lakini zege nimelilalia miaka kumi na tisa. Nyumba zile za Michenzani, zilizojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, ni imara, sizitukani. Lakini ukuta wa zege unakunywa jua mchana kutwa na unalitema usiku, saa ile hasa wewe umejitandaza. Waliokuwepo Unguja ile miezi mitatu ya kiza, umeme ulipokatika kuanzia Disemba 2009, wanajua ni nyumba gani inalalika bila ya feni. Kaskazi tupu, na sisi ghorofani tunajipepea kwa magamba ya maboksi. Nilihamia kwa dada yangu Bububu, nyumba ya udongo na makuti, nikalala kama mtoto.

Sasa huyo kaka anataka zege lianze ukutani liendelee mpaka kichwani. Mwambieni aje alale kwenye ukumbi wa zege mwezi wa Februari, kisha aamue.

Mwenye kiwanja, Wete

Bi, shikamoo. Hilo nilimuuliza. Anasema lile povu ndilo linalozuia joto lisiingie, na juu kileleni ataacha tundu la kutolea hewa ya moto.

Bi, zamani Michenzani

Marahaba mwanangu. Na hilo povu linatoka wapi?

Fundi wa Chake

Kwa meli, Bi. Na ndicho kitu cha kwanza kitakachokatwa pesa zikipungua. Nimejenga kwa watu wa Maskati na wa Dubai, najua pesa zao zinapoanza kuchelewa, ni baada ya lenta. Kuba lisilo na povu ni tanuri la mkate, na hilo Bi kasema kweli. Tundu la juu ni zuri, Kidichi yanayo, lakini linataka kofia mvua isiingie, na madirisha mapana chini ya kupitisha kusi. Dirisha kwenye kuba halina ubaraza wa paa juu yake, mvua ya masika itaingia moja kwa moja. Kila dirisha ulijengee mdomo wake. Hesabu inazidi kupanda.

Niliyesoma Yogyakarta

Nilikaa Java miaka minne, na kijiji cha makuba nimekifikia kwa miguu yangu. Kinaitwa New Ngelepen, karibu na Prambanan. Tetemeko la tarehe 27 Mei 2006 liliua watu zaidi ya 5,700 eneo lile, na hawa wanakijiji ardhi yao iliporomoka, wakajengewa makuba kwa mbinu hiyo hiyo ya puto. Majengo 80 hivi, na msikiti wao pia ni kuba. Kila nyumba ni mita 7.

Kwa tetemeko, hakuna la kusema. Kwa maisha, nilichokiona ni hiki: ukilizunguka kuba, kwa nyuma kuna banda, la matofali au la bati, ndiyo jiko. Watu wamepachika. Vyumba vya ndani vidogo, na sauti inazunguka, mtoto akilia chumba hiki unadhani yuko kile. Watalii wanakuja kupiga picha, na wenyewe wanapata chochote kwa hilo. Wageni wanakiita kijiji cha Teletubbies.

Afrika nayo imeshajaribu. Dakar, mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilijengwa nyumba za puto kama 1,200 kwa mbinu ya Mmarekani Wallace Neff. Nyingi zimeshavunjwa. Hazikuanguka. Familia zilikua, viwanja vikawa na thamani, watu wakataka ghorofa.

Kijana wa Konde

Basi tuseme hivyo: zilivunjwa kwa sababu watu walitajirika. Hiyo nayo ni kasoro?

Mama wa Mtambwe

Mwanangu wa Konde, wewe hujaoa. Huyo wa Yogyakarta ndiye aliyekigusa kile kitu ambacho mwenye kiwanja kasema hakijui.

Nyumba ya Pemba haimaliziki. Tumeanza na vyumba viwili na ukumbi, mimi na marehemu. Alipozaliwa wa tatu tukatoa chumba ubavuni. Kijana alipooa tukamtolea chumba na mlango wake upande wa uwani. Mama mkwe alipougua tukamuwekea choo cha ndani. Sasa mjukuu anasoma Chake, karudi na mume, wanalala ukumbini na mimi natafuta matofali. Kila ukuta wa nyumba yangu umewahi kutobolewa ukawa mlango. Hilo kuba utalitobolea wapi? Fundi kasema mwenyewe, nondo zinalizunguka kama pete. Ukikata pete?

Na uwani uko wapi? Nyumba ya mviringo haina mbele wala nyuma. Mgeni wa kiume akija, mimi napita wapi na ndoo yangu? Na mambo yanayosemwa chumbani, kwa huo mwangwi, yasikilizwe na wakwe?

Kabati la bibi harusi ni la pembe nne, na kitanda ni cha pembe nne. Vitakaa kwenye ukuta wa kuinama kama meno ya mzee.

Kisha, Mungu awape umri, siku ya mirathi inakuja. Nyumba ya mstari sheha na mashehe wanaijua kuigawa: vyumba hivi vya huyu, ukumbi wa wote, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Kuba mtaligawa kama chungwa?

Fundi wa Chake

Mama, mlango unaweza kutobolewa, ila uamuliwe kabla ya zege, na pembeni yake paongezwe nondo. Baada ya hapo mimi sigusi. Na makuba mawili au matatu yanaweza kuunganishwa kwa ujia, Wamarekani wanafanya. Kwa hiyo kuongeza nyumba ni kujenga nyumba nyengine.

Nami niongeze la maji. Paa la bati la mita za mraba 100, mvua ya milimita moja tu inakupa lita 100 kwenye tangi. Kuba halina mfereji. Maji yanateremka ukutani mpaka chini na vumbi lote na kinyesi cha kunguru. Watu wa Micheweni, wenye shida ya maji, watanielewa.

Mkaazi wa Kidichi, Unguja

Mama wa Mtambwe kashinda kwa wenye watoto saba. Lakini si kila mtu ni hivyo. Mzee mmoja na mkewe, au nyumba ya kupangisha wageni pwani, au skuli ya chekechea, kuba lina nafasi yake. Mimi kosa naliona ni kuwapa kuba watu ambao hawakuliomba, kama vile kosa lilivyokuwa kuwapa ghorofa watu waliozoea uwani.

Mwenye kiwanja, Wete

Nimemsomea kaka yote kwa simu, hata la Fatiha. Alinyamaza muda mrefu kwenye la mirathi. Mwisho akasema yeye alipolifikiria lile kuba alikuwa akijiona yeye na mkewe tu, wamestaafu, wanatazama bahari. Sisi wengine hatukuwemo, na hakulisema kwa ubaya.

Sasa anasema kuba dogo la mita 6 lijengwe la kwake pembeni ya kiwanja, na nyumba ya mama iezuliwe iwekwe paa jipya. Mama kauliza kama hela ya paa itakuja kwanza au ya kuba. Hajajibu bado.

Fundi, kwa mita 6 saruji inakuwa mifuko mingapi?

Fundi wa Chake

Ganda peke yake, la sentimita 10, kama 40. Mkanda na sakafu mbali. Lakini usinunue kitu mpaka nije nikione kiwanja, kilima cha huko udongo wake unateleza masika, na kuba linataka kitako kilicho sawa. Jumamosi nna kazi Limbani, nitapita baada ya alasiri. Mwambie mama aniwekee chai.